Hitilafu Baada ya Kubadilisha Toleo la Maktaba ya Hifadhidata

Katika makala haya mafupi tunaeleza jinsi tulivyopoteza maneno ambayo wanafunzi wetu waliyakusanya Jinja na Mbale kwa ajili ya faharasa ya Kiswahili cha mashariki mwa Uganda.

Maneno hayo tunayaweka katika hifadhidata. Kati ya programu yetu, iliyoandikwa kwa Python, na majedwali yenyewe kuna mkalimani: maktaba ya programu iitwayo SQLAlchemy. Hiyo hulichukua neno pamoja na ngeli yake, maana yake na mahali liliposikika, ikaligawa katika safu za jedwali. Toleo lake la 2.0 lilitoka Januari 2023. Tulipoliweka bila kusoma maelezo yake, matatizo yalianza.

Hitilafu mbili za kwanza zilijitangaza. Programu ilikataa kuanza ikidai kwamba Engine haina execute. Siku hizi ni lazima kwanza kufungua muunganisho, ndipo amri ipitie humo. Kisha ukatokea ujumbe ObjectNotExecutableError: amri ya SQL iliyo matini tupu haikubaliwi mpaka izungushiwe text(). Asubuhi moja ilitosha.

Ya tatu haikusema kitu. Mwanafunzi wa Mbale aliingiza "malewa", yaani machipukizi ya mianzi, kitoweo maarufu cha Wagisu. Mwenzake wa Jinja akaingiza "mukene", yaani dagaa wa Ziwa Viktoria. Kila mmoja aliliona neno lake kwenye skrini. Kesho yake halikuwapo. Tulilaumu umeme, tukalaumu intaneti, hata (tunakiri) tukawashuku wanafunzi. Kumbe toleo la zamani lilithibitisha lenyewe amri za moja kwa moja kama zile za fomu yetu, ilhali toleo la 2.0 husubiri liambiwe commit. Muunganisho ukifungwa bila amri hiyo, yote yaliyoingizwa hutanguliwa, wala hakuna onyo lolote.

Tiba ni kuongeza commit() baada ya kuingiza, au kutumia engine.begin(), ambayo huthibitisha yenyewe kazi ikikamilika pasipo kosa. Wenzetu walio na matoleo ya zamani wachukue kwanza nakala ya hifadhidata, wapande hadi 1.4, waweke SQLALCHEMY_WARN_20=1, wasahihishe kila onyo litakalotokea, ndipo wahamie 2.0.

Sisi tuliokolewa na madaftari. Maneno yote yameingizwa upya, na wale tuliowashuku tumewaomba radhi.