Diski haijafa, inakosa moto tu

Umechomeka diski ya nje kwa Raspberry Pi 5 yako. Taa inawaka, ndani inalia tik, tik, kisha inapotea kwa skrini. Fundi wa mtaani anasema imeisha, leta doo akuuzie nyingine. Ngoja kwanza. Ichomeke kwa laptopu. Ikifunguka vizuri, diski ni nzima. Ina njaa tu.

Iko hivi. Pi 5 ikiwaka huuliza chaja: unaweza kutoa ampea 5 kwa volti 5? Ikijibiwa ndiyo, matundu yote manne ya USB hugawana hadi ampea 1.6. Isipojibiwa hivyo, yanabanwa hadi miliampea 600 kwa jumla. Kibodi na mausi hazitasikia chochote. Lakini diski ya kuzunguka inaweza kutaka karibu ampea nzima inapoanza, kwa hivyo inajaribu, inashindwa, inajaribu tena. Hiyo ndiyo tik, tik.

Sasa wengi hupigwa chenga pale Luthuli Avenue. Unaona chaja ya wati 65, unasema hii ni moto kuliko ile rasmi ya wati 27. Wapi! Wati 65 hupatikana kwa volti 20. Kwa volti 5, ambazo ndizo Pi hutumia, chaja nyingi za aina hiyo hukomea ampea 3. Soma yale maandishi madogo mgongoni. Usipoona 5V 5A au 5.1V 5A, mrudishie muuzaji chaja yake.

Bado nyumbani unaweza kupima bure. Andika amri vcgencmd get_throttled. Ukipata 0x50005, volti zimeshuka na bodi imepunguza mwendo sasa hivi. 0x50000 ni kwamba ilitokea awali. Shuku chaja, pia waya: mrefu na mwembamba hula volti njiani. Ukipata 0x0 usishangilie sana, kwa sababu ule mbano wa miliampea 600 hauonekani hapo.

Kuna wajuaji watakwambia uweke usb_max_current_enable=1 kwenye config.txt. Inaondoa mbano, kweli, lakini haiongezi umeme. Chaja ikilemewa, bodi inaweza kuzima katikati ya kuandika faili, na hapo ndipo utapoteza picha za harusi ya mteja aliyekwisha lipa deposit. Mimi ningeiweka tu kama chaja ina ampea 5 za ukweli ila haijui kuongea na Pi.

Diski ikiwa na kazi ya watu, nunua habu ya USB yenye chaja yake ya ukutani. Diski inakula huko, Pi inabaki na kazi ya data. Na wewe wa Pi 4, usijione umepona: matundu yako manne hugawana ampea 1.2, hata ulete chaja gani. Diski mbili hapo bila habu ni kutafuta noma.