Mpako wa Wagonjwa: padre aitwe mapema (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia nilieleza Kitubio: nani hukipokea, na kwa nini padre hawezi kutoboa siri ya maungamo hata akitishiwa maisha. Leo tunahamia kwa jirani yake, sakramenti ambayo Mkatoliki wa kawaida anaweza kubatizwa, kupata kipaimara, kufunga ndoa na kuota mvi bila kuiona ikitolewa hata mara moja. Nayo ni Mpako wa Wagonjwa. Nitaieleza nikiwa na macho kwenye sehemu moja, Mudende, kwa sababu pale maswali yote magumu kuhusu sakramenti hii yameulizwa na maisha yenyewe.

Mudende iko wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, juu ya mji wa Gisenyi, upande wa volkano za Virunga. Baridi ni kali na udongo ni mweusi. Watu hulima viazi mviringo na kufuga ng'ombe wa maziwa. Wengi nje ya Rwanda walilisikia jina hili kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Waadventista kilichofunguliwa pale mwaka 1984 na baadaye kuhamia Kigali. Wakatoliki wa Mudende ni wa Jimbo la Nyundo. Misheni ya Nyundo ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1901, mwaka mmoja tu baada ya ile ya Save, na mwaka 1952 ilikabidhiwa Aloys Bigirumwami, Mwafrika wa kwanza kupewa uaskofu katika himaya ya Kibelgiji. Kwa hiyo hatuzungumzii watu waliopata dini juzi. Imani pale ina zaidi ya karne.

Hata hivyo, kama ilivyo katika parokia nyingi za Maziwa Makuu, mpako huogopwa. Padre akionekana anapanda njia ya mawe kuelekea nyumba yenye mgonjwa, hawakosi wa kuulizana kama mbao za jeneza zimeshapatikana. Ndani nako watoto huvutana. Mmoja anasema padre aitwe, mwingine anajibu, "Mkimwita, mama atajua amekwisha." Mama anaachwa hadi asiweze kumeza mate wala kutambua sauti, ndipo kijana anatumwa na pikipiki usiku wa manane. Padre anafika, anampaka mtu asiyejua kinachotendeka, na saa mbili baadaye kilio kinasikika. Majirani hawahitaji ushahidi mwingine kwamba mafuta yale yanaua.

Wako wanaosema hofu hiyo ni ushirikina wa Kiafrika, masalia ya upagani ambayo katekesi bado haijayang'oa. Sikubaliani nao hata kidogo. Hofu hiyo ilitoka Ulaya, ikasafiri kwenye sanduku lile lile lililobeba chupa ya mafuta.

Tuanze nyuma kabisa. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anamwambia Mkristo aliye mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, na anataja kuinuliwa kwa mgonjwa na kusamehewa dhambi zake. Anayeita ni mgonjwa mwenyewe. Ana akili zake na anajua anachotaka. Mwaka 416 Papa Inosenti wa Kwanza alimwandikia Askofu Desenti wa Gubbio, Italia, kwamba mafuta yaliyobarikiwa na askofu waamini wanaweza kuyatumia hata wao wenyewe wanapougua. Wakati huo hakuna aliyeyahusisha na kuchimba kaburi.

Mambo yaligeuka polepole katika karne za kati. Mpako ulifungamanishwa na toba ya kitandani, na toba ya siku zile ilikuwa na masharti mazito ambayo mtu aliyapokea pale tu alipokuwa hana tena siku nyingi za kuyabeba. Watu wakaahirisha. Matokeo yake yanachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Katika Uingereza ya karne ya 13 wapo walioamini kwamba aliyepakwa mafuta akipona hesabu yake ni ya wafu: asilale tena na mkewe, asile nyama, asitembee pekupeku. Maaskofu wa huko walilazimika kuikemea imani hiyo katika sinodi zao. Mkulima wa Exeter, Uingereza, na mkulima wa Mudende wangeelewana vizuri sana juu ya jambo hili, ingawa kati yao kuna miaka mia saba.

Mwaka 1439 Mtaguso wa Firenze, katika hati yake kwa Waarmenia, ulisema sakramenti hii isitolewe ila kwa mgonjwa ambaye kifo chake kinahofiwa. Mwaka 1551 Mtaguso wa Trento nusura ukaze fundo hilo zaidi. Rasimu ya kwanza ilisema mpako ni wa walio katika pambano la mwisho na kifo peke yao. Mababa wa mtaguso wakalikataa neno hilo, na hati waliyoipitisha inasema ni wa wagonjwa, na hasa wale ambao hali yao ni ya hatari kiasi cha kuonekana wanaaga dunia. Mlango ukaachwa wazi kidogo. Katika mazoea, hata hivyo, hakuna aliyeupita. Mapadre waliojenga Nyundo walitumia kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614, sakramenti ikiitwa Mpako wa Mwisho. Na katika miaka ya mwanzo ya misheni wengi walibatizwa wakiwa mahututi. Mwenyeji aliyemwona padre au katekista akiinama kuingia nyumba ya mgonjwa, na baadaye akasikia msiba, alikuwa na sababu ya kufikiri alivyofikiri.

Kanisa lilijirekebisha lenyewe. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia, ulisema wazi kwamba hii si sakramenti ya walio kwenye pumzi ya mwisho tu, na kwamba wakati wake unaofaa umeshafika mara mtu anapoanza kuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee. Tarehe 30 Novemba 1972 Papa Paulo wa Sita akaubadilisha utaratibu wenyewe. Zamani padre alipaka macho, masikio, pua, mdomo, mikono na miguu, akiomba msamaha kwa dhambi za kila kiungo. Sasa hupaka paji la uso na mikono, na sala imebadilika pia.

Papa Paulo alibadilisha jambo jingine, dogo kwa wa Roma lakini kubwa kwetu. Mafuta yalipaswa kuwa ya mzeituni, mti ambao mkulima wa Virunga anausoma tu katika Injili. Tangu 1972 inaruhusiwa kutumia mafuta mengine, mradi yametoka kwenye mmea, kama alizeti au mawese. Mnyarwanda wa zamani alijipaka samli ya ng'ombe mwilini, na Mudende ni nchi ya maziwa, lakini samli haikubaliki hapa kwa sababu haitoki kwenye mmea. Mafuta haya hubarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma wakati wa Juma Kuu, kisha husambazwa parokiani. Padre akiishiwa na haja ikawa kubwa, anaweza kuyabariki mwenyewe palepale wakati wa ibada.

Sasa, wewe ambaye utapakwa kwa mara ya kwanza, haya ndiyo yatakayokukuta. Nyumbani waandae meza ndogo yenye kitambaa safi, msalaba na mshumaa. Padre atasalimia na kunyunyiza maji ya baraka. Ukitaka kuungama, wote watatoka nje, hata mke, hata mtoto anayekuuguza. Usione aibu kuwaomba watoke. Wakirudi litasomwa Neno la Mungu na kufanyika maombi mafupi. Halafu padre atakuwekea mikono kichwani bila kusema chochote. Ukimya huo usikutishe, ni sehemu ya ibada. Atakupaka mafuta kwenye paji la uso akiomba Bwana akusaidie kwa neema ya Roho Mtakatifu, nawe utajibu Amina. Atakupaka mikononi akiomba Bwana akuweke huru na dhambi, akuokoe na kukuinua, nawe utajibu Amina tena. Baba Yetu, Komunyo, baraka. Robo saa inatosha. Dawa za hospitali ya Gisenyi ziendelee kunywewa kama daktari alivyoandika.

Hizo Amina mbili ndizo ninazozitetea katika makala hii. Kanisa linakubali kumpaka aliyezimia, mradi angeliomba mwenyewe kama angekuwa na fahamu, na wala halina mashaka juu ya nguvu ya neema kwa mtu huyo. Lakini sakramenti hii huomba nguvu na amani ya kuubeba ugonjwa. Mtu atapewaje nguvu za kupigana vita vilivyokwisha jana?

Kanuni ya 1004 ya Sheria za Kanisa inasema mpako hupewa mwamini aliyefikia umri wa kutumia akili, kwa kawaida miaka saba hivi, anapoanza kuwa katika hatari. Mzee aliyedhoofika sana anastahili hata kama daktari hajataja ugonjwa wowote. Anayekwenda kupasuliwa kwa sababu ya ugonjwa mzito anastahili kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Mama mjamzito hapakwi kwa sababu ya kujifungua, maana uzazi si ugonjwa, lakini yakitokea matatizo ya kuhatarisha maisha yake, aitiwe padre. Aliyepakwa akapona anaweza kupakwa tena akiugua vibaya, na hata katika ugonjwa ule ule hali ikizidi kuwa mbaya. Tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani iliyowekwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992, parokia nyingi hupaka wagonjwa wengi pamoja katika Misa. Kwa mwenye hofu hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu atawaona waliopakwa mwaka jana wamekuja kwa miguu yao.

Mhudumu ni padre au askofu tu. Shemasi hawezi, katekista hawezi, sista hawezi. Mwaka 1997 Vatikano iliwakataza walei wasipake wagonjwa mafuta ya aina yoyote, ili watu wasichanganyikiwe. Nadhani katazo hilo lina maana kubwa zaidi leo, wakati chupa za "mafuta ya upako" zinauzwa stendi na redioni. Majirani Waadventista wa Mudende ni habari tofauti. Nao humwombea mgonjwa na kumpaka mafuta wakifuata maneno yale yale ya Yakobo, ila hawaihesabu kuwa sakramenti. Mpako wa Kikatoliki hauna bei. Anayemzuia mgonjwa kumwita padre kwa sababu kadi ya zaka haijalipwa anakwenda kinyume na kanuni ya 848, inayoagiza maskini wasinyimwe sakramenti kwa ajili ya umaskini wao. Na anayeishi bila ndoa ya Kanisa je? Kanuni ya 1007 inamzuia anayeng'ang'ania dhambi nzito ya wazi kwa ukaidi. Aliyemwita padre kwa toba si mkaidi. Yaliyobaki wayazungumze wao wawili, majirani wakiwa nje.

Limebaki swali ambalo Mudende hawawezi kulikwepa. Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia chuoni Mudende waliuawa humo humo, na huko Nyundo waliuawa watu waliojificha kanisani pamoja na mapadre wao. Agosti 1997 waasi walivamia kambi ya wakimbizi Watutsi wa Kongo iliyokuwa Mudende, wakaua zaidi ya watu 100. Desemba mwaka huo wakarudi, wakaua mamia. Walionusurika wakahamishiwa Gihembe, Byumba. Wengi wa hao walikufa bila mpako. Je, walipungukiwa?

Jibu la kwanza huwashangaza wengi. Hata kama padre angekuwa kambini dakika tano kabla ya shambulio, asingeruhusiwa kuwapaka wenye afya. Mpako unadai ugonjwa au uzee. Askari anayekwenda vitani hapakwi, wala aliyehukumiwa kunyongwa, ingawa kifo kiko mlangoni. Hao hupewa maondoleo na Komunyo. Majeruhi ndio wangepakwa.

Jibu la pili lilishakuwamo katika mafundisho ya Trento. Anayejuta dhambi zake kwa sababu anampenda Mungu, akikusudia kuungama mara atakapopata nafasi, husamehewa hata dhambi nzito pasipo padre. Kanisa huongeza rehema kamili saa ya kufa kwa mwamini aliye tayari moyoni asiyeweza kumpata padre, mradi alizoea kusali katika maisha yake. Masharti mengine yote Kanisa lenyewe humfidia. Bibi aliyesali rozari yake jioni ile kambini hakuhitaji mtu wa kufika na chupa.

Maiti hapakwi. Padre akiwa na shaka kama mtu bado yu hai, anampaka, hivyo ndivyo kanuni ya 1005 inavyosema. Akiwa na hakika kwamba amekufa, anafunga chupa yake na kuanza sala za marehemu.

Katika sehemu ya nne nitaeleza Komunyo ya safari, ambayo ndiyo sakramenti halisi ya anayeaga dunia, na kwa nini tangu Vatikano ya Pili hutolewa baada ya mafuta badala ya kutangulia kama zamani.