Intaneti ya Waya Inapozorota: Tupime Kabla ya Kutuhumu

Kwa muda wa wiki tatu, nyumbani kwetu Mbeya palikuwa na kesi isiyokwisha. Binti yetu wa darasa la saba, ambaye kila baada ya sala ya Isha husoma tajwidi kwa njia ya video na mwalimu aliyeko Unguja, alikuwa akikatikiwa sauti katikati ya aya. Kompyuta anayoitumia imeunganishwa kwa waya unaotoka kwenye ruta iliyoko sebuleni, na sisi wazazi tuliamini kuwa penye waya hapana tatizo. Basi akatafutwa mkosaji. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa nyumbani akisubiri matokeo ya kidato cha sita, ndiye aliyeonekana na simu mkononi kila saa. Tukabadilisha nywila ya Wi-Fi na kumficha. Kasi haikurudi, ila salamu yake ya asubuhi ilipoa.

Siku moja kijana akasema kwa adabu, “Baba, naomba niruhusiwe nipime.” Alichokifanya kilichukua chini ya nusu saa, nasi tunakieleza hapa kwa kuwa twajua kesi kama hii imo katika nyumba nyingi.

Kwanza aliomba kila mtu aache kutumia mtandao, maana simu zina tabia ya kupakua masasisho ya programu pasipo mwenyewe kujua. Kisha akasimama karibu na ruta na kupima kasi kwa simu, kwa njia ya Wi-Fi. Kifurushi chetu ni cha megabiti 40 kwa sekunde. Kipimo kikaonesha 38. Akaenda kwenye kompyuta ya dada yake, akapima kwa waya: megabiti 6. Hapo tu palitosha kutufumbua macho. Mtandao uliokuwa ukiingia nyumbani ulikuwa mzima. Ulikuwa ukipotelea ndani ya nyumba.

Hatua ya tatu, aliibeba kompyuta hadi sebuleni, akaiunganisha na ruta kwa waya mfupi uliokuja ndani ya boksi lake. Kipimo kikarudi 38. Kwa hiyo kompyuta haikuwa na kosa, wala ruta. Ulibaki mshitakiwa mmoja, nao ni ule waya mrefu. Tulipoufuata kwa mkono tuliukuta umebanwa chini ya mguu wa kabati, tulilolihamisha wenyewe tulipokuwa tukiipamba nyumba kwa ajili ya Idi.

Inafaa kujua kwa nini waya uliobanwa haukati mawasiliano moja kwa moja, bali huyapunguza. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi nane za shaba, zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi nne. Kasi ya megabiti 1,000 huhitaji jozi zote nne. Kasi ya megabiti 100 huhitaji jozi mbili tu. Uzi mmoja ukikatika au kulegea kwenye kichwa cha waya, vifaa viwili hukubaliana kushuka daraja, hadi 100, na wakati mwingine hadi 10. Taa huendelea kuwaka kama kawaida, na mwenye nyumba hudhani mambo yote ni salama. Katika kompyuta nyingi, ukifungua mipangilio ya mtandao wa waya, utaikuta imeandikwa kasi ya kiungo. Yetu ilisomeka 10.

Wengine hupungukiwa kwa sababu ya ubora wa waya wenyewe. Ubavuni mwake huandikwa daraja: waya wa daraja la 5e na la 6 hubeba megabiti 1,000 hadi umbali wa mita 100, wa daraja la 5 la zamani ulitengenezwa kwa ajili ya 100. Zipo pia nyaya za bei nafuu ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika upesi zikikunjwa. Na wapo wanaolalamika pasipo sababu: kifurushi huhesabiwa kwa megabiti, ilhali mafaili huhesabiwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Mwenye megabiti 40 akiona faili likishuka kwa megabaiti 5 kila sekunde, amepata haki yake kamili.

Hata hivyo, kipimo hichohicho chaweza kuutoa waya hatiani. Ndugu yetu anayeishi Kihesa, Iringa, aliona mtandao umezorota siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Bila kupima, akanunua ruta mpya na waya mpya. Hali ikabaki ileile, kwa kuwa siku hiyo mikongo miwili ya baharini, Seacom na EASSy, ilikuwa imekatika katika eneo lililo baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hupita Iringa na Mbeya kuelekea mipaka ya Zambia na Malawi, lakini sehemu kubwa ya tunavyovitafuta mtandaoni hutoka ng'ambo ya bahari. Kama angeunganisha kompyuta na ruta kwa waya mfupi na kukuta kasi bado ni ndogo, angejua kuwa tatizo halimo chumbani mwake, na fedha zake zingebaki mfukoni.

Kipimo kikiwa kibaya hata penye ruta, itazameni kwanza taa ya kifaa cha faiba. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Huenda ule waya mwembamba wa kioo umekunjwa mno au umeguguniwa na panya. Msiufungue wenyewe, muiteni fundi wa mtoa huduma. Andikeni tarehe, saa na kila kipimo, kwa sababu mlalamikaji mwenye kumbukumbu hasikilizwi kama mwenye hasira tupu. Mtoa huduma asipotatua, malalamiko hupelekwa TCRA, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mbeya.

Tahadhari moja kwa wakazi wa nyanda zetu hizi zenye radi nyingi: waya wa shaba uliopitishwa nje, kutoka nyumba kubwa hadi ya uani, huweza kupitisha nguvu ya radi na kuunguza ruta na kompyuta pamoja. Uchomoeni pande zote mapema, mawingu yanapokusanyika, si radi ikishaanza kupiga.

Tulinunua waya mpya wa mita 15 na kuupitisha juu ya ukuta, mbali na miguu ya makabati. Jioni hiyo binti yetu alisoma mpaka mwisho wa darsa bila kukatikiwa. Waya ulirekebishwa kwa saa moja. Lililobaki lilikuwa zito zaidi. Sote tunaisoma Suratul-Hujurat, na agizo lake la kuthibitisha habari kabla ya kumdhuru mtu tunalijua, lakini tulimhukumu mtoto wetu kwa simu iliyokuwa mkononi mwake. Tulimwita baada ya chakula cha usiku, tukamwomba radhi mbele ya wadogo zake, kwa kuwa tulimtuhumu mbele yao. Kisha tukampa nywila mpya.