Damu ya mwanamume ikipungua kidogo, inakwenda wapi?

Wanaume wengi hujua wana damu ndogo siku wanapokwenda kuchangia damu. Kidole kinachomwa, mashine inasoma 12.2, muuguzi anasema, "Pole kaka, leo hatutakuchukua." Hana homa, hajakonda, labda ngazi za ghorofa ya tatu tu ndizo siku hizi zinazomkata pumzi. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, mwanamume mzima ana upungufu wa damu akiwa na himoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita. Kwa kuwa 12.2 ni pungufu kidogo tu, wengi hununua rosela au bitiruti, wakasubiri.

Rosela ni kinywaji kizuri, lakini wekundu wake hauongezi damu, na kinachonisikitisha ni kwamba huahirisha swali lenyewe. Mwanamume haendi mwezini wala hazai. Kwa kawaida hupoteza takriban miligramu moja ya madini ya chuma kwa siku, na chakula humfidia. Sasa piga hesabu: mililita moja ya damu hubeba karibu nusu miligramu ya chuma. Anayevuja kijiko kimoja cha chai tumboni kila siku, yaani mililita tano, anapoteza zaidi ya miligramu mbili nyingine. Na damu hiyo wala haionekani chooni.

Huenda inatoka kwenye vidonda vya tumbo, au ni matokeo ya diclofenac anayomeza kila siku kwa ajili ya mgongo. Huenda ni bawasiri, minyoo ya safura kwa mkulima anayetembea pekupeku, kichocho, au saratani ya utumbo mpana inayoanza kimyakimya. Wapo pia ambao chuma chao kinatosha, tatizo likawa figo, kifua kikuu au VVU.

Kwa hiyo kabla ya dawa ya kuongeza damu, apime tena kwa damu ya mshipa: picha kamili ya damu, na ferritini inayoonyesha akiba ya chuma. Choo na mkojo vipimwe pia. Choo kikiwa cheusi kama lami naye hajaanza vidonge vya chuma, aende hospitali siku hiyohiyo.

Ikithibitika ni chuma, maini na dagaa husaidia. Maharage yaliwe na chungwa, na chai isogezwe saa moja au mbili baada ya mlo, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Vidonge huendelea kwa takriban miezi mitatu baada ya damu kurudi sawa, ili akiba ijae. Mwezi mmoja baada ya kuanza vidonge, apime tena. Himoglobini isipopanda hata gramu moja, huenda bado anavuja. Na hata ikipanda, hasa kama amevuka miaka 50, amwombe daktari uchunguzi wa tumbo na utumbo mpana kwa kamera.