Kitabu Kinachomsubiri Mtoto

Mwishoni mwa mwaka 2017, watoto wa vijiji vipatavyo 170 mkoani Tanga walianza kugawiwa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Asilimia 74 yao walisema hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Hawakuletewa mwalimu. Viliwekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua, wakateuliwa akina mama wa vijijini wa kuvitunza vifaa, na somo lenyewe likaachwa liendeshwe na sauti iliyomo ndani ya kishikwambi.

Lilikuwa jaribio la shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za jumla ya dola milioni 15, lililofanyika kwa ushirikiano wa UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Timu tano zilifika fainali, kila moja na programu yake ya kufundisha KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Baada ya miezi 15 watoto walipimwa upya. Mei 2019 ushindi ukaenda kwa timu mbili zilizolingana: onebillion ya Uingereza, na Kitkit School ya kampuni ya Enuma. Mwanzilishi wa Enuma, Sooinn Lee, ni mbunifu wa michezo ya kompyuta kutoka Korea Kusini aliyegeukia elimu baada ya kujifungua mtoto mwenye mahitaji maalumu.

Idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu.

Nusu hiyo inastahili kuangaliwa pande zote mbili. Mtoto ambaye hajawahi kuketi darasani, na ambaye nyumbani hapati wa kumsomea, akasoma neno bila kufundishwa na mtu: hilo ni jambo kubwa, na sitaki lipite kama habari ndogo. Lakini katika kila watoto kumi, wanne au zaidi walimaliza miezi yote 15 na kishikwambi mkononi bila kuweza kusoma hata neno moja. Anayetuambia kifaa kinatosha peke yake, aulizwe habari za hao wanne.

Programu za aina hii humsaidia vipi mtoto? Chukua usomaji wa Kiswahili. Herufi zetu hazidanganyi, zinasomwa karibu kama zinavyoandikwa, na mtoto akishaishika “ma” na “ba” anaweza kujijengea “mama” na “baba” mwenyewe. Kazi huanza kwenye “mb”, “nd”, “ng’” na “ny”. Hapo wengine huvuka siku hiyo hiyo na wengine hukwama wiki nzima. Mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake anawaona waliokwama, roho inamuuma, lakini ratiba inamtaka asonge mbele. Programu nzuri haina ratiba. Kila mguso wa kidole cha mtoto huwekwa kumbukumbu. Akipatia, hupewa hatua inayofuata. Akikosea mara kadhaa, hurudishwa kwenye silabi iliyotangulia, anarudia kadiri anavyotaka, na hakuna wa kumcheka. Inafanya kama fundi cherehani anayempima kila mteja kabla ya kukata kitambaa.

Nguvu ya kupima huko ilionekana wazi jijini Delhi, India, katika utafiti wa Karthik Muralidharan na wenzake uliochapishwa mwaka 2019. Waliwafuatilia wanafunzi waliotumia programu iitwayo Mindspark katika vituo vya masomo baada ya saa za shule, na jambo la kwanza walilolikuta linasikitisha: kwa wastani, mwanafunzi wa darasa la sita alikuwa nyuma ya darasa lake kwa madarasa mawili na nusu katika hisabati. Vitabu vyake vya shule viliandikwa kwa ajili ya mtoto mwingine kabisa. Tena, miongoni mwa wasiopata programu, theluthi ya walio dhaifu zaidi hawakupiga hatua yoyote inayopimika, ingawa shuleni walikwenda. Waliopata nafasi ya kutumia programu kwa miezi minne na nusu waliwaacha wenzao kwa umbali mkubwa katika hisabati na katika Kihindi. Ieleweke pia kwamba nusu ya muda wao katika vituo hivyo walifundishwa na mtu, katika vikundi vidogo.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe, kile cha hadithi kinachofunguka kwenye simu au kishikwambi, picha zikisogea na sauti ikisoma. Wazazi wengi huamini kwamba kadiri kitabu kinavyokuwa na vitu vingi vya kubonyeza ndivyo kinavyofundisha zaidi. Watafiti Zsofia Takacs, Elise Swart na Adriana Bus walikusanya matokeo ya tafiti 43 zilizohusu watoto zaidi ya 2,000 na kuyachapisha mwaka 2015. Picha inayosogea kufuata maneno, muziki na milio inayoendana na tukio vilimsaidia mtoto kuelewa hadithi na kupata msamiati. Ikiwa sauti inasema sungura anajificha kichakani na mtoto anamwona akiingia humo, jicho na sikio vimefanya kazi moja. Michezo iliyopachikwa katikati ya ukurasa na vitufe vya kubonyeza ovyo vilimvuruga. Akili ya mtoto wa miaka sita hubeba mambo machache kwa wakati mmoja, na akiacha kumfuata sungura ili akapasue maputo pembeni, akirudi hadithi imeshamponyoka.

Mwaka 2021 Bus, safari hii pamoja na May Irene Furenes na Natalia Kucirkova, alilinganisha karatasi na skrini moja kwa moja, kwa tafiti 39 za watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miaka minane. Hadithi ile ile ikihamishiwa tu kwenye skrini bila kuongezewa kitu, watoto waliielewa vizuri zaidi kwenye karatasi. Ikiongezewa vitu vinavyoieleza hadithi yenyewe, skrini ilishinda. Lakini mtu mzima alipokaa na mtoto juu ya kitabu cha karatasi, akiuliza na kueleza, huyo aliishinda skrini iliyoachiwa mtoto peke yake, hata ile iliyoundwa vizuri.

Nikiyaweka matokeo haya karibu na yale ya Tanga, hukumu yangu ni kwamba vishikwambi vinastahili kuingia madarasa ya chini ya shule zetu, tena mapema, ila viingie mikononi mwa walimu waliofunzwa kuvitumia. Mwalimu aachiwe kazi ambayo programu haiwezi: kumuuliza mtoto kwa nini sungura alikimbia, na kumsikiliza anapojibu. Kuvinunua kwa kuhesabu vifaa tu, bila kuangalia masomo yaliyomo ndani, ni kupoteza fedha za wananchi na miaka ya watoto.

Kwa mzazi, kazi inaweza kuanza leo. Huhitaji kishikwambi cha bei. Mradi wa African Storybook una hadithi nyingi za Kiswahili zinazopatikana bure, zilizopangwa kwa ngazi za usomaji, nawe unaruhusiwa kuzipakua na hata kuzichapa. Anza na ngazi ambayo mwanao anaiweza, hata kama ni ya chini kuliko darasa lake. Programu yenye matangazo yanayorukaruka katikati ya hadithi ifute. Kisha kaa naye ukurasa mmoja au miwili kila jioni, mwache aguse, mwache akosee, na umuulize nini kitafuata.