Kimea Kilichobaki: Akiba ya Nyumba au Sumu ya Jirani?

Katika Nile Magharibi, tangu Arua hadi Koboko, kwete ni kinywaji cha arusi, cha matanga na cha kazi ya ujima. Kwete hupikwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, lakini roho yake ni kimea cha wimbi. Huko Dranya na kwingineko, mpishi hodari huotesha kimea kupita kiasi, kwani upungufu siku ya karamu ni aibu. Karamu ikiisha, kimea hubaki. Je, kitumiweje? Swali hili lawahusu pia askari wa jeshi na polisi, maana katika kambi nyingi wamo akina mama wapikao pombe ili kuongeza pato la nyumba.

Kwanza yafaa kuelewa kazi ya kimea. Punje ilowekwapo na kufunikwa hadi ichipue, hujitengenezea vimeng'enya vyenye uwezo wa kugeuza wanga kuwa sukari. Sukari hiyo ndiyo ichachayo na kuwa pombe. Moto mkali huviua vimeng'enya hivyo. Kwa sababu hiyo kimea kilichokaangwa hadi kuwa cheusi huleta rangi na harufu tu. Hata viwanda vikubwa vya bia hukitia kwa kiasi kidogo, kazi kubwa ikifanywa na kimea cheupe.

Mtu aliye na kimea cha zamani aweza kukipima kwa njia nyepesi. Apike uji mzito, auache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha akoroge kijiko kimoja cha unga wa kimea. Uji ukilegea baada ya dakika chache, kimea kingali hai. Usipolegea, kimechoka, na peke yake hakitachachusha kwete.

Lakini kipimo hicho hakionyeshi sumu. Kimea kilichonyeshewa, chenye kuvu au harufu mbaya, kitupwe. Sumu ya kuvu haiishi kwa kuchemshwa. Mwaka 2004, huko mashariki mwa Kenya, mahindi yenye kuvu yaliua watu 125. Mnamo Januari 2015, katika kijiji cha Chitima nchini Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya matangani, na mpishi wake akiwa miongoni mwao. Mwanzoni ilivuma kwamba pombe ilitiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulifichua jambo jingine: sumu ya bakteria iliyotokana na unga wa mahindi ulioharibika. Hakuwako adui wala mchawi. Ulikuwako unga mbovu usiotupwa. Askari aitwaye kwenye kisa kama hicho na ahifadhi mabaki ya pombe na unga kabla ya kusikiliza uvumi.

Mtama nao wataka hadhari ya pekee. Machipukizi na mizizi yake hubeba kitu kizaacho sayanaidi. Sharti yasuguliwe na kupepetwa kabla ya kusaga. Kimea cha wimbi hakina tatizo hilo.

Kimea kizima kikaushwe juani mpaka punje ivunjike kwa meno, kitiwe katika debe kavu lenye kifuniko, na debe liwekwe juu ya mbao, si juu ya sakafu. Kisagwe siku ya kutumiwa tu.

Tena si lazima kimea chote kiishie mtungini. Nchini Tanzania, katika miaka ya 1980, wataalamu wa lishe walihimiza kimea kitiwe katika uji wa watoto. Kijiko kidogo hulegeza uji mzito, na mtoto hupata chakula kingi katika bakuli lile lile. Uji huo uchemshwe tena kabla ya kunyweshwa. Kwa hiyo hata nyumba isiyogusa pombe ina haja na kimea.

Kilicho kizima kitunzwe, kilichooza kifukiwe. Hasara ya debe moja la kimea ni nyepesi kuliko jeneza moja.