Je, Wajua? Bustani Huanzia Mezani, Theluji Ingali Nje

Januari, Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Bustani ya nyuma ya nyumba imelala chini ya theluji na udongo umekuwa mgumu kama tofali. Mkulima wa nyumbani yuko mezani na kalenda, penseli na pakiti za mbegu. Asiyejua atadhani anajiliwaza tu, kumbe maamuzi makubwa ya mwaka mzima hufanyika hapo.

Je, wajua hesabu yake huanzia mwisho? Kwanza hutafuta tarehe ambayo kwa kawaida jalidi ya mwisho huanguka katika eneo lake, halafu anarudi nyuma. Nyanya huatikwa ndani ya nyumba wiki 6 hadi 8 kabla ya siku hiyo. Vitunguu maji hutangulia zaidi: Februari tayari viko dirishani, vinachomoza vimejikunja kama sindano iliyopindwa, kisha vinajinyoosha kimoja kimoja.

Na je, wajua kitunguu maji hupima urefu wa mchana? Hili hunistaajabisha kila ninapolifikiria. Aina kama Red Creole, inayolimwa sana Kenya na Tanzania, huanza kuvimba shinani mchana ukifika takribani saa 12, na kwetu karibu na ikweta mchana ni huo huo mwaka mzima. Ipeleke Minnesota, ambako mwezi Juni mchana hupita saa 15: itaanza kuvimba ingali mche mwembamba, na utavuna vitunguu vidogo mno. Aina za kule nazo husubiri mchana wa saa 14 hivi. Zilete Morogoro, zitatoa majani mabichi ya kupendeza, lakini kitunguu hutakiona. Kwa hiyo ndugu anayebeba mbegu za nyumbani kwenda ughaibuni, abebe za mchicha, ila vitunguu atafute vya huko huko.

Je, wajua mbegu huzeeka? Za kitunguu huchoka baada ya mwaka mmoja au miwili, ilhali za nyanya huvumilia minne na zaidi. Kuzijaribu ni rahisi: weka 10 kwenye karatasi laini yenye unyevu, zifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uache mahali penye joto. Zikiota 6, panda kwa wingi zaidi. Zikiota 2, nunua nyingine mapema. Zipo zenye ukaidi wa ajabu, lakini. Mwaka 2005, huko Israeli, mbegu ya mtende iliyofukuliwa Masada iliota ikiwa na umri wa karibu miaka 2,000.

Je, wajua baridi hutia utamu? Jalidi ikiipiga sukuma wiki au karoti, mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari ili maji ya ndani yasigande upesi. Anayelijua hili huacha tuta moja la kuvunwa mwishoni kabisa mwa msimu.

Kitunguu saumu ndicho kinachoihitaji baridi hasa. Huko Minnesota hupandwa Oktoba, na kisipopata wiki kadhaa za baridi mara nyingi hubaki donge moja lisilogawanyika punje. Theluji iliyojaa hewa hukifunika kama blanketi, udongo wa chini usipoe kupita kiasi. Nayo ikianza kuyeyuka, kabla nyanya za dirishani hazijathubutu kutoka nje, ncha zake za kijani huwa zimekwisha kuchomoza kwenye tope.